Gharama ya Kusubiri: Mtafuta Kazi na Mwajiri, Kutoka Unyanyembe Hadi Ipuli

Machi 1872, Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara, jirani na Tabora ya leo, akarudi pwani. Alimwacha David Livingstone kwenye tembe akiwa na vitambaa, shanga na akiba ya kutosha, ila hana watu wa kubeba. Livingstone alikaa pale miezi mitano. Wapagazi ambao Stanley aliwaandikisha Unguja walifika katikati ya Agosti, na kabla mwezi haujaisha safari ikaanza. Muda wote huo mwenye mali alikuwa amekaa kitako akiwasubiri wafanyakazi.

Leo, katika eneo hilohilo, kusubiri kumehamia upande wa pili. Kata ya Ipuli, ambayo wageni wengi wanaijua kwa viwanja vya Nanenane, ina vijana waliomaliza vyuo ambao wamegeukia bodaboda, kufyatua tofali au kuuza vocha huku wakisikilizia simu. Ukimuuliza mmoja wao maombi yake yamefikia wapi, atakujibu kwa maneno matatu: “Nimetuma, ila kimya.”

Vijiweni, lawama huelekezwa kwenye tabia za watu. Maofisa rasilimali watu wana dharau, mawakala ni wezi, bila kujuana hupati kitu. Kila lawama ina ukweli wake, lakini tabia peke yake haielezi mambo yote. Swali linaloeleza zaidi ni la fedha. Katika shughuli ya kumkutanisha mwenye kazi na mwenye nguvu, nani analipa nauli, nakala za vyeti, chakula cha njiani na siku zinazopotea? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba gharama hizo zimehama, kidogo kidogo, kutoka kwa anayetaka mtu wa kumfanyia kazi kwenda kwa asiye na kazi. Dharau, kimya na utapeli vinapata nafasi hapo.

Wakati mwajiri alipotoa posho

Katika karne ya 19 Unyanyembe, yaani eneo hilihili la Tabora, ilikuwa soko kubwa la kazi. Misafara ya pembe za ndovu, ya Waarabu, ya Waswahili na ya Wanyamwezi wenyewe, iliungana hapa kabla ya kushuka Bagamoyo au kupanda kwenda Ujiji. Mpagazi hakuajiriwa peke yake. Alikuja na kundi lake chini ya mnyampara, na mnyampara ndiye aliyesimamia mapatano ya ujira, uzito wa mzigo na posho. Sehemu ya ujira ililipwa kwa vitambaa kabla ya kuondoka, na chakula cha njiani kilikuwa juu ya mwenye msafara. Posho isipotoka, watu walitua mizigo. Msimu wa kulima ukikaribia, bei yao ilipanda, kwa sababu wengi walitaka kurudi mashambani kwao.

Tusiyapambe maisha yale. Mpagazi alibeba mzigo mzito mamia ya kilomita, ndui na njaa viliua wengi, na katika njia hizohizo walipita watumwa waliofungwa minyororo. Hata hivyo, kwa upande wa kuandikisha watu, mpangilio ulikuwa wazi: anayehitaji watu ndiye aliyetangulia kutoa. Bagamoyo ilikuwa na mawakala wakubwa wa wapagazi. Aliyevuma zaidi ni mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, ambaye aliwaandalia wapagazi wasafiri wa Kizungu kwa mikataba. Malipo ya wakala wa aina hiyo yalitoka kwa mwenye msafara.

Ukoloni ulibadili mizani, na ulifanya hivyo kwa sheria na kodi. Mwaka 1907, Wajerumani wa Wilhelmsthal, leo Lushoto, walianza kuwalazimisha wenyeji kubeba kipande kinachoonyesha siku walizofanya kazi kwa walowezi. Chini ya Waingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu wengi kuliko walioweza kupatikana karibu. Wakulima wa mkonge wakaanzisha chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Maofisa wake walikwenda Kigoma, Songea na kwingineko, wakaandikisha vijana kwa mikataba, wakawasafirisha hadi shambani. Waha waliotoka Kigoma walipita Tabora kwa reli ya kati, iliyofika mjini hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hao ndio walioitwa manamba.

Manamba hakulipa nauli ya kwenda. Alisafirishwa, akalishwa njiani, akapimwa afya kwa gharama ya waliomwandikisha. Alilipa kwa njia nyingine. Alifungwa na mkataba na kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kipimo haikuhesabiwa. Kwa hiyo fundisho la mkonge lina pande mbili. Mwajiri anaweza kulipa gharama zote za kutafuta watu na bado akawanyonya. Lakini pia mwajiri mwenye shida ya watu hupata fedha za kuwafuata hadi kijijini kwao.

Baada ya uhuru, serikali ikawa mwajiri mkuu na mpangaji mkuu. Mhitimu wa chuo hakuzunguka na bahasha ya vyeti, kwani alipangiwa kituo. Kwa wasiosoma hali ilikuwa nyingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye uwezo aonyeshe kazi anayofanya, na mijini watu walikamatwa na kusombwa kwenda mashambani. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yalimaliza mambo yote mawili. Serikali iliacha kumpangia kila mhitimu, na pia ikaacha kumsaka asiye na kazi. Kuanzia hapo mtafuta kazi akabaki na miguu yake na nauli yake.

Milango anayobisha kijana wa Ipuli

Mlango wa kwanza ni serikali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, inapokea maombi kupitia mfumo wa Ajira Portal. Huu ni ushindi ambao haupaswi kubezwa. Zamani nafasi ya karani wa halmashauri ilijulikana kwanza na walio karibu na ofisi. Sasa aliyeko Ipuli anaiona saa ileile inapoonekana Dar es Salaam, na anaituma kwa simu au kwa msaada wa kijana wa steshenari.

Lakini soma tangazo la kuitwa kwenye usaili hadi chini. Litamtaka msailiwa aje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na litasema hati za matokeo za muda hazitakubaliwa. Kama majina yanatofautiana kati ya cheti na cheti, awe na uthibitisho wa kisheria. Litasema pia kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Ambaye jina lake halimo anaambiwa atambue kuwa hakukidhi vigezo, asisite kuomba tena. Mwenye msafara wa karne ya 19 alitoa posho kwanza. Mwajiri wa leo anatangaza wazi kwamba hatoi.

Mlango wa pili ni majeshi. Tabora ina kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, cha Msange, na vijana wengi wa mkoa huu wanalitazama jeshi kama njia pekee ya ajira isiyouliza umesoma chuo gani. Hapa mwandikishaji anashika kitu kikubwa zaidi ya fomu, yaani matumaini. Kujitolea JKT ni mafunzo, si mkataba wa ajira, lakini kila anayeingia anaingia akiamini kuna kuchukuliwa mwishoni. Aprili 2021, Jeshi la Wananchi lilitangaza kuwarudisha nyumbani vijana 854 wa JKT waliogoma wakidai kuandikishwa jeshini, kama walivyoelewa kuwa wameahidiwa. Jeshi lililiita tukio hilo utovu wa nidhamu. Tukiliangalia kama suala la ajira, tatizo lilianzia mapema. Ahadi ya kazi ilitolewa kwa mdomo, na vigezo vya nani atachukuliwa havikuwa mikononi mwa vijana.

Mlango wa tatu ni miradi mikubwa, ambayo kwa miaka hii imeuzunguka mkoa kila upande. Reli ya kisasa inajengwa kwa vipande vinavyokutana hapa, yaani Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, na Tabora hadi Kigoma. Bomba la mafuta ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linakatiza wilaya za Nzega na Igunga. Kiwanda cha kuyavika mabomba yake kinga ya joto kilizinduliwa katika kijiji cha Sojo, Nzega, Machi 2024. Miradi hii inahitaji mafundi, madereva, walinzi, wapishi na vibarua.

Tatizo la mlango huu ni kwamba haujulikani uko wapi. Mkandarasi mkuu ana wakandarasi wadogo, mkandarasi mdogo ana wasimamizi, msimamizi ana mtu wake. Ofisi ya kijiji au mtaa inaombwa majina ya wakazi. Kijana anaanzia kwa mtendaji kuomba barua ya utambulisho, anakwenda getini kwenye kambi ya ujenzi, mlinzi anachukua bahasha, na haijulikani inafikia meza ya nani. Kadiri ngazi zinavyoongezeka, ndivyo wanavyoongezeka watu wanaoweza kusema “mimi naweza kukuingiza”, na kila mmoja anaweza kuwa na bei yake.

Mlango wa nne ni shamba la tumbaku. Tabora ni mkoa unaoongoza kwa zao hili, na wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui huchukua vibarua wa msimu, wengine wakitoka Kigoma na hata Burundi. Makubaliano ya kawaida ni ya mdomo. Kibarua anakaa kwa mkulima, anakula hapo, na analipwa tumbaku ikishauzwa. Hatari yake inaonekana wazi. Soko likichelewa au daraja likishushwa, mshahara wa kibarua ndio unaokatwa kwanza, maana yeye ndiye asiye na karatasi. Ajira ya watoto katika zao hili ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika muongo wa 2010 mradi wa PROSPER ulifanya kazi ya kuipunguza katika wilaya za mkoa huu, zikiwemo Urambo na Sikonge. Mtoto huchukuliwa kwa sababu ni rahisi kumwandikisha. Hadai mapema, na hajui pa kushtaki.

Mlango wa tano ni kazi za ndani, za Dar es Salaam na za ng'ambo. Msichana wa kazi huletwa mjini na “shangazi” au dalali anayemjua mama yake, na mara nyingi nauli yake hukatwa kwenye mshahara wa miezi ya mwanzo. Kwa Ghuba mnyororo ni mrefu zaidi. Kuna mtafutaji wa kijijini, wakala wa mjini, wakala wa kule, kisha tajiri. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa 15 hadi 21 kwa siku, na kukuta mshahara si ule walioahidiwa. Wengine walirudi salama na wakajenga nyumba, hilo nalo ni kweli. Tofauti kati ya makundi haya mawili mara nyingi ilikuwa bahati ya tajiri waliyempata. Maelezo ya wakala kabla ya safari hayakuwa kinga.

Hesabu inayowaelemea wote

Haki inataka tuwasikilize pia wanaoajiri. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilifanya usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kutosha. Waombaji zaidi ya 10,000 waligombea nafasi 70. Mwanzoni mwa 2025, usaili wa walimu ulikuwa na waombaji 201,707 kwa nafasi 14,648. Muda mfupi baadaye Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596, na watu 112,952 wakaitwa kwenye mtihani wa kuandika.

Gawanya uone. Uhamiaji walikuwa zaidi ya 140 kwa nafasi moja, TRA karibu 85, ualimu karibu 14. Hakuna ofisi inayoweza kukaa na watu 135,027 mmoja mmoja na kuwaeleza kwa upole kwa nini wamekosa. Mchujo mkali hautokani na roho mbaya. Nafasi ni chache na wahitimu ni wengi, na ofisa wa ajira hana mamlaka juu ya lolote kati ya hayo mawili.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haitangazwi. Tuseme kila mmoja wa wale 112,952 walioitwa na TRA alitumia Sh20,000 tu kwa nauli, chakula na nakala, kiasi ambacho kwa anayesafiri mkoa hadi mkoa ni kidogo. Jumla ni zaidi ya Sh2.2 bilioni. Fedha hizo zimetoka kwa watu wasio na kazi, au kwa wazazi wao waliouza mahindi na mbuzi, ili taasisi ipate watu 1,596. Taasisi imepata uteuzi mpana kuliko ingeweza kuulipia. Waliokosa, zaidi ya 111,000, wamegharamia uteuzi huo.

Gharama ikiwa juu ya mwingine, huna sababu ya kuibana. Kama mwajiri angelipa nauli ya kila msailiwa, angewaita kumi kwa nafasi moja, si sabini, na angechuja kwanza kwa makini kwa kutumia maombi yaliyoko mezani. Anawaita wengi kwa sababu kuwaita hakumgharimu. Ndiyo maana hatua ya kusogeza usaili mikoani, kama ilivyofanyika kwa walimu mwaka 2025, ina maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye taarifa za habari. Kwa mwalimu wa Ipuli, kufanya usaili Tabora badala ya Dodoma ni tofauti ya kwenda na kutokwenda.

Walimu wenyewe wanaonyesha jambo jingine. Hadi miaka ya karibuni walipangiwa vituo na TAMISEMI bila usaili, na waliomaliza miaka ya nyuma walijiona wako kwenye foleni. Usaili ulipoanza, aliyemaliza 2015 akajikuta anashindana na aliyemaliza juzi na bado anakumbuka vitabu. Mapema 2025 baadhi yao waliunda umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, wakidai waliohitimu zamani wafikiriwe kwanza. Unaweza kuyakubali au kuyakataa madai yao. Wanaotetea usaili wana hoja nzuri kwamba mtoto wa shule anastahili mwalimu aliyepimwa. Lakini anayebadili kanuni katikati ya foleni anadaiwa maelezo na watu walioanza kupanga foleni kwa kanuni ya zamani. Muda wao wa kusubiri nao ni gharama, na waliilipa wao.

Kimya, undugu na utapeli

Kimya ndicho kinachouma zaidi ya kukataliwa. Aliyekataliwa anageuka na kujaribu kwingine. Aliyenyamaziwa hajui kama barua yake ilisomwa, kama cheti chake kina kasoro, au kama nafasi ilishajazwa kabla ya tangazo kutoka. Mwajiri binafsi hana hasara akinyamaza, na mwombaji hana pa kuuliza.

Akili ya binadamu haipendi pengo, na pengo la maelezo hujazwa na jibu moja: “Kuna mtu wao.” Mara nyingine jibu hilo ni sahihi. Mwaka uleule wa 2014, baada ya usaili wa Uwanja wa Taifa, ajira takriban 200 za ngazi ya konstebo na koplo wa Uhamiaji zilisitishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani kutokana na tuhuma kwamba zilijaa ndugu na jamaa wa watumishi. Tukio moja kama hilo linakumbukwa kwa miaka, na linatia shaka hata pale mchujo ulipokuwa wa haki. Ofisi isiyotoa sababu haiwezi kujitetea, kwa kuwa aliyekosa kwa alama mbili na aliyekosa kwa kukosa mjomba wamepewa kimya kilekile.

Tapeli hupenya kwenye kimya hichohicho. Ujumbe unaingia kwenye simu: umechaguliwa, ripoti Jumatatu, tuma Sh30,000 ya fomu, au ya vipimo vya afya, au ya sare. Nembo ni ya shirika linalojulikana, na jina la mradi ni la kweli. Taasisi za umma na kampuni kubwa hutoa maonyo kila mara, lakini ulaghai hauishi. Wengi huwacheka walioibiwa na kuwaita wajinga. Si haki. Kijana amezoeshwa kwamba kutafuta kazi ni kulipa. Amelipia nakala, amelipia kuthibitishiwa vyeti kwa wakili, amelipia nauli ya usaili, amejigharamia malazi. Anapoombwa Sh30,000 za mwisho, ombi hilo linafanana na yote yaliyotangulia. Tapeli anaigiza mfumo uliopo, na anafanikiwa kwa sababu mfumo wenyewe umemfundisha kijana kutoa kabla ya kupokea.

Kwa wasichana kuna bei nyingine. Anayeshika orodha ya majina anaweza kudai mwili badala ya fedha, na anayedaiwa hunyamaza akiogopa kwamba atalaumiwa yeye. Sheria imeliona hilo. Tutaifikia sasa hivi.

Sheria inasema nini

Ni rahisi kudhani mtafuta kazi hana sheria, kwa kuwa bado hajawa mfanyakazi. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inapokataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu na mingineyo, inamhesabu mwombaji wa kazi pamoja na mfanyakazi, na inagusa matangazo na vigezo vya uchaguzi. Kwa hiyo swali la “una mpango wa kuzaa lini?” ambalo wasichana huulizwa kwenye usaili si utani wa ofisi. Linaweza kuwa ushahidi. Sheria hiyo pia inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi.

Mawakala wa ajira wako chini ya sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira na kanuni zake za mwaka 2014. Mwaka huo wa 2014 serikali ilipiga marufuku mtindo wa wakala kumwajiri mtu na kumkodisha kwa kampuni huku akikata fungu lake kila mwezi, ikasema kazi ya wakala ni kuunganisha. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala hamtozi mfanyakazi ada, ya moja kwa moja wala ya kuzungukazunguka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoruhusiwa. Kuna pia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira kilichoanzishwa mwaka 2008, ambacho humsajili mtafuta kazi na kumuunganisha na waajiri.

Rushwa ya ngono imetajwa waziwazi katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kutoa ajira anatenda kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba ya bure 113. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayekusanya namba za NIDA, picha na vyeti vya watu mia tano kwa nafasi mbili anawajibika kwa anachokifanya na taarifa hizo.

Upungufu, basi, hauko sana kwenye vitabu vya sheria. Uko kwenye umbali. Kibarua wa tumbaku aliyeko Sikonge, msichana aliyeko jikoni kwa watu, kijana aliyetuma Sh30,000 kwa namba isiyopatikana tena: kila mmoja angehitaji nauli, muda na ujasiri kufuatilia haki yake. Hapo tena gharama imemwangukia yeye.

Kinachowezekana

Hakuna sera itakayofanya nafasi 1,596 ziwatoshe watu 135,027. Lakini namna ya kuwatendea wale watakaokosa inaweza kubadilika bila kungoja uchumi ukue.

Kwanza, usaili wa hatua ya mchujo ufanyike mkoani kwa mwombaji, kila mahali na kwa kila taasisi ya umma. Tabora ina vyuo, pamoja na tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, na shule zenye kumbi. Vyeti halisi vikaguliwe mwishoni, kwa wale wachache wanaokaribia kupewa kazi.

Pili, kila anayetangaza nafasi alazimike kutangaza matokeo, na kumpa kila mwombaji sababu, hata kama ni mstari mmoja: alama hazikutosha, cheti kina kasoro, nafasi imejazwa. Mfumo uliopokea maombi kwa kompyuta unaweza kurudisha jibu kwa kompyuta.

Tatu, miradi mikubwa iwe na dirisha moja la ajira linalojulikana katika kila wilaya, lenye orodha ya wazi ya nafasi na ya waliochukuliwa, ili mlinzi wa getini na msimamizi wa kikosi wasiwe na cha kuuza. Nne, mkulima anayechukua kibarua wa msimu aandike naye karatasi mbele ya ofisi ya kijiji, inayoonyesha kiasi, tarehe ya malipo na sehemu itakayolipwa hata soko likianguka. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo tayari vinajua kila mkulima ana hekta ngapi za tumbaku, vinaweza kuisimamia kazi hiyo.

Na kwa msomaji aliye kwenye msako wenyewe: ukidaiwa fedha ili upewe kazi, hiyo kazi haipo, au ipo na mtu anaiuza kinyume cha sheria. Usitume. Unaposafiri kwa ajili ya kazi ya ndani au ya ng'ambo, acha nyumbani nakala ya pasipoti, mkataba na namba ya wakala. Ukikosa, ulizia sababu kwa maandishi. Huenda usijibiwe, lakini ofisi inayopokea maswali mia kwa siku hujifunza kuandika majibu.

Anayetaka mtu wa kumfanyia kazi ndiye alipe gharama za kumtafuta. Wapagazi wa Unyanyembe walilidai hilo kwa kutua mizigo njiani. Mwombaji wa leo hana mzigo wa kutua, kwa hiyo ni juu ya serikali na waajiri kuliandika kuwa kanuni na kulisimamia.